Uzi Uliokunjwa: Kirusi cha Polio na Matone ya Chanjo

Somo letu la leo ni juu ya virusi, na hasa juu ya kirusi kimoja, kile cha polio, ambacho huwapoozesha watoto. Viongozi wa vikundi, tafadhali wekeni ubao na chaki karibu, maana katikati ya somo nitawaomba mwandike herufi chache. Asiye na ubao aandike mchangani kwa kijiti, itatosha kabisa.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya swali ambalo wazazi huuliza mara kwa mara, tena huuliza kwa haki. Husema hivi: "Tuliambiwa kwamba matone ya polio humkinga mtoto. Kisha tunasikia kwamba mahali fulani pamepatikana kirusi cha polio kilichotokana na matone yenyewe. Basi, la kweli ni lipi?" Jibu ni kwamba maneno yote mawili ni ya kweli. Lakini mtu akitaka kuelewa jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja, hana budi kwanza kujua jinsi uzi ulio ndani ya kirusi unavyojikunja. Huko ndiko tutakakokwenda leo, polepole, hatua kwa hatua.

Kirusi ni kitu gani?

Kirusi ni kitu kidogo mno. Kile cha polio ni kama kijipira chenye upana wa sehemu 30 za milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Ukivipanga virusi 30,000 katika mstari mmoja, bado hujatimiza milimita moja. Kirusi hakili, hakipumui wala hakikui. Kile cha polio kina vitu viwili tu: ganda la protini kwa nje, na uzi mwembamba kwa ndani. Uzi huo ndio wenye maagizo ya kutengeneza virusi vingine. Ila kirusi hakina karakana yake. Ni lazima kiingie ndani ya seli ya mtu, yaani chembe hai ya mwili wake, kikatumie vyombo vya seli hiyo kama mgeni anayeingia jikoni kwa watu na kuanza kupika chakula chake kwa sufuria zao na kuni zao.

Uzi wa maagizo umetengenezwa kwa vitu viitwavyo asidi nukleiki, nazo ni za namna mbili: DNA na RNA. Maagizo ya miili yetu sisi yameandikwa katika DNA. Mwaka 1953, huko Cambridge, Uingereza, James Watson na Francis Crick walieleza kwamba DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba ya nyuzi mbili. Walisaidiwa sana na picha za eksirei zilizopigwa na Rosalind Franklin na Raymond Gosling katika chuo cha King's College, London. Tangu hapo kamba hiyo ya nyuzi mbili imechorwa katika vitabu vingi vya shule, hata watu wengi wamedhani kwamba hilo ndilo umbo la maagizo ya kila kiumbe.

Virusi, hata hivyo, havikubali kufuata desturi hiyo. Mwaka 1959 mtaalamu wa Marekani, Robert Sinsheimer, alionyesha kwamba kirusi kimoja kinachoshambulia bakteria, jina lake phi X174, kina DNA ya uzi mmoja tu; uzi huo umefungwa mviringo kama pete. Kirusi cha rota, kinacholeta kuharisha kwa watoto wachanga, kina RNA ya nyuzi mbili, nayo imekatwa vipande 11. Na kirusi cha polio kina RNA ya uzi mmoja, wenye herufi kama 7,440 kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Nimesema herufi. Maana yake ni vijiti vidogo vilivyopangwa juu ya uzi mmoja baada ya mwingine. Katika RNA viko vya aina nne tu, navyo huandikwa kwa kifupi A, C, G na U. Kama vile sisi tunavyoandika barua kwa herufi za alfabeti, kirusi huandika maagizo yake yote kwa hizo nne.

Uzi unavyojikunja

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Uzi mmoja wa RNA haulali umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Hujikunja wenyewe. Hujikunja kwa sababu herufi zake hupendana: C hupenda kushikana na G, na A hupenda kushikana na U. C na G hushikana kwa nguvu, kwa vifungo vitatu. A na U hushikana kwa vifungo viwili. Tena kuna jozi ya tatu, G na U, ambazo hushikana pia, lakini zimekaa upande upande, kama vifungo vya shati vilivyotiwa katika matundu yasiyo yake.

Viongozi wa vikundi, sasa chukueni chaki. Andikeni mstari huu wa herufi 14, nami nitausoma polepole:

G G A C C U U U U G G U C C

Nairudia: G, G, A, C, C, kisha U nne, kisha G, G, U, C, C. Sasa tazameni herufi ya kwanza na herufi ya mwisho. Ya kwanza ni G, ya mwisho ni C. Zinapendana. Ya pili kutoka mwanzo na ya pili kutoka mwisho ni G na C tena. Ya tatu ni A, na mwenzake kutoka mwisho ni U. Ya nne ni C, mwenzake ni G. Ya tano ni C, mwenzake ni G. Katikati zimebaki U nne zisizo na wenzi.

Basi, uzi huo utafanya nini? Utajipinda katikati. Ncha mbili zitakutana, jozi tano zitashikana na kufanya shina, na zile U nne zitabaki juu kama kitanzi. Ni mfano wa kipini cha nywele. Huo ndio mkunjo mdogo kuliko yote, nasi tutauita shina na kitanzi. Katika uzi wa kirusi mna mikunjo mingi ya namna hiyo, mingine ni mikubwa yenye matawi, na mingine hufunga fundo, kwa kuwa kitanzi cha mkunjo mmoja hushikana na herufi zilizo mbali kabisa na hapo.

Pengine mtu atauliza: "Mikunjo hiyo ina kazi gani? Si ni kama nguo iliyokunjamana kwa kutupwa sandukuni?" Hasha. Mkeka na kikapu hutengenezwa kwa ukindu uleule, lakini kazi ya kikapu haifanywi na mkeka. Tofauti iko katika namna ya kusuka. Hali kadhalika uzi wa kirusi husema kwa njia mbili. Husema kwa herufi zake, na hufanya kazi kwa umbo lake.

Mlango wa uani

Herufi zote za kirusi cha polio zilisomwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Wataalamu wakaona jambo la kushangaza. Herufi kama 740 za mwanzo hazikuwa na maagizo ya kutengeneza protini yoyote. Kwa kitu kidogo kama kirusi, kisichobeba mzigo usio na faida, hilo lilikuwa fumbo.

Fumbo hilo lilifumbuliwa mwaka 1988. Ili tulielewe, yafaa tujue kwanza kazi inavyofanywa katika seli yenye afya. Mna vyombo viitwavyo ribosomu, ambavyo husoma uzi wa RNA na kutengeneza protini kama ulivyoagiza. Uzi wa RNA wa mwili wetu una kofia katika ncha yake ya mbele. Ribosomu huitambua kofia hiyo, hukamata ncha, kisha huteremka na uzi ikisoma. Kwa mfano, tuseme kofia ni mlango wa mbele wa nyumba, na mlangoni yupo bawabu.

Uzi wa polio hauna kofia. Kwa kanuni ya nyumba, ungezuiwa nje. Lakini Jerry Pelletier na Nahum Sonenberg, wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, Kanada, walionyesha kwamba ribosomu huingia katika uzi huo kwa ndani, bila kupitia ncha ya mbele. Zile herufi za mwanzo, ambazo hazikuonekana kuwa na maana, zimejikunja zikafanya umbo ambalo huikaribisha ribosomu na kuiketisha mahali pa kuanzia kazi. Ni mlango wa uani. Tena ujanja wa kirusi hauishii hapo: hutengeneza kimeng'enya kinachokata sehemu ya yule bawabu wa mlango wa mbele, hata maagizo ya seli yenyewe yasisomwe. Mlango wa mbele ukifungwa, ribosomu zote hubaki kwa kirusi.

Mlango huo wa uani ni mikunjo mitano iliyofuatana. Mbele yao uko mmoja zaidi, wenye umbo la jani la sehemu tatu, unaosaidia uzi kunakiliwa. Ukihesabu kuanzia huo wa kwanza, mikunjo yote ni sita. Tafadhali ushikeni mkunjo wa tano, maana hadithi yetu yote iliyobaki inauhusu.

Herufi moja

Katika miaka ya 1950 Albert Sabin, daktari wa Marekani, alikuwa akitafuta chanjo ya polio ya kunywa. Alikuza virusi katika seli za nyani, akavihamisha tena na tena, akichagua vile vilivyopungukiwa na ukali. Hakuwa na njia ya kuzisoma herufi za uzi. Hakuna aliyekuwa nayo wakati ule. Alijua tu kwamba virusi alivyopata vilikua vizuri tumboni, vikaufundisha mwili kujikinga, lakini havikudhuru neva. Mwaka 1959 matone yake yalipewa mamilioni ya watu katika Umoja wa Kisovieti, na baada ya hapo yakaenea duniani. Kila mahali yalipotolewa kwa bidii, polio ilipungua.

Lakini ni kitu gani kilichovidhoofisha virusi vya Sabin? Kwa aina ya tatu ya polio jibu lilipatikana mwaka 1985. Wataalamu wa Uingereza walilinganisha kirusi cha chanjo na kile kikali. Wakakuta kwamba katika herufi ya 472, penye C kwa kirusi kikali, kirusi cha chanjo kina U. Herufi hiyo imo katika mkunjo wa tano. Katika aina ya kwanza badiliko kama hilo liko kwenye herufi ya 480, na katika aina ya pili liko kwenye herufi ya 481. Yote matatu yamo katika mkunjo uleule.

Turudi ubaoni. Katika mstari wetu futeni herufi ya nne, ile C, mwandike U mahali pake. Sasa mwenzake ni G. Zamani zilikuwa C na G zilizoshikana kwa nguvu. Sasa ni U na G, zilizokaa upande upande. Shina halijaanguka, lakini limelegea. Basi katika kirusi cha chanjo mambo ni hayohayo. Mkunjo wa tano umelegea, mlango wa uani hauikaribishi ribosomu vizuri kama zamani. Tumboni kirusi bado chaweza kufanya kazi kiasi cha kutosha kuufundisha mwili. Katika seli za neva kazi inakishinda. Hata homa humzidia, maana joto likipanda, mkunjo uliolegea hulegea zaidi.

Ndugu wasikilizaji, hebu fikirini jambo hili. Mtoto kutembea na mtoto kutotembea maisha yake yote kumetegemea, kwa sehemu kubwa, jozi moja ya herufi katika shina la uzi usioonekana kwa macho.

Jambo lililolegea laweza kukaza

Bila shaka wengine mmekwisha kuiona hatari iliyopo. Ikiwa C ilibadilika kuwa U, je, U haiwezi kurudi kuwa C? Yaweza. Kirusi kinaponakili uzi wake hukosea mara nyingi, kama mwandishi anayenakili kwa haraka usiku. Wale wataalamu wa mwaka 1985 waliona kwamba katika matumbo ya watoto waliopewa chanjo ya aina ya tatu, ile U hurudi kuwa C katika siku chache tu.

Kwa kawaida hilo halidhuru, kwa kuwa mtoto huwa amekwisha kupata kinga, na kirusi hufukuzwa katika majuma machache. Mara chache sana matone yenyewe humpoozesha mtoto aliyepewa. Hukadiriwa kuwa mtoto 1 kwa dozi milioni 2 hadi 3. Hatari iliyo kubwa zaidi ni nyingine. Kirusi hutoka mwilini pamoja na kinyesi. Kama kijijini watoto karibu wote wamechanjwa, kirusi hicho hakipati pa kwenda, na habari yake inakwisha. Lakini kama watoto wengi hawakuchanjwa, kirusi hupita kwa mtoto mmoja, kikapita kwa wa pili, na wa ishirini, kwa miezi na miezi. Kila kinapopita hunakiliwa, na kila kinaponakiliwa hupata nafasi ya kuukaza mkunjo wake. Mwisho wake kinakuwa kikali kama kile cha asili.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la wazazi. Matone hukinga. Na kirusi kilichomo katika matone huweza kurudia ukali wake, lakini mahali kinapopata nafasi ya kufanya hivyo ni pale ambapo watoto wengi hawakupata matone.

Mkunjo uliosukwa upya

Kati ya aina tatu za polio, aina ya pili ya asili ilionekana mara ya mwisho mwaka 1999, na mwaka 2015 ilitangazwa rasmi kuwa imetokomezwa. Mwaka 2016 nchi zote ziliondoa aina hiyo katika matone ya kawaida. Hata hivyo, kirusi cha aina ya pili kilichotokana na chanjo kiliendelea kuzuka mahali penye upungufu wa kinga, na dawa ya kukizima ilikuwa matone yaleyale ya Sabin ya aina ya pili. Ilikuwa kama kuzima moto kwa moto.

Ndipo wataalamu wakajiuliza: kwa kuwa sasa tunaujua mkunjo, je, hatuwezi kuusuka upya usikaze kirahisi? Shauri lao twaweza kulielewa kwa ubao wetu. Jozi ya U na G ina kasoro: badili herufi moja tu, U iwe C, na papo hapo una jozi ya nguvu. Lakini tuseme shina limejengwa kwa jozi za A na U. Badili A iwe G, utapata G na U, ambayo ni dhaifu. Badili U iwe C, utapata A na C, ambazo hazishikani vizuri. Ili kupata C na G, ni lazima herufi zote mbili zibadilike. Kukosea mara moja ni rahisi. Kukosea mara mbili, kila kosa mahali pake panapofaa, ni kazi ngumu zaidi sana. Basi katika mkunjo wa tano waliweka jozi za A na U mahali palipofaa, shina likawa dhaifu na likabaki dhaifu.

Wakaongeza kinga ya pili. Katikati ya uzi wa polio kuna shina na kitanzi kidogo ambacho, kikikosekana, uzi hauwezi kunakiliwa. Walikiharibu pale katikati, wakajenga kingine mwanzoni mwa uzi. Kusudi lao lilikuwa kwamba kirusi kikijaribu kuutupa mwanzo wake dhaifu na kuokota mwanzo wa kirusi jamaa, kitupe pia kile kitanzi ambacho hakiwezi kuishi bila hicho. Tena walibadili kidogo kimeng'enya kinachonakili uzi, ili kipunguze makosa na kupunguza kubadilishana vipande.

Chanjo hiyo huandikwa nOPV2. Mwaka 2017 ilijaribiwa mara ya kwanza kwa watu wazima 30 waliojitolea, waliokaa siku 28 katika kijiji cha makontena kilichojengwa Antwerp, Ubelgiji, ili virusi visitoke nje. Mwezi wa Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha itumike kwa dharura, na mwezi wa Machi 2021 ikaanza kutolewa katika Afrika ya Magharibi. Hutengenezwa Indonesia katika kiwanda cha Bio Farma. Baada ya miaka miwili, karibu dozi milioni 600 zilikuwa zimetolewa, na ilionekana wazi kwamba hurudia ukali mara chache sana kuliko ile ya Sabin.

Nimesema mara chache, sikusema kamwe. Mwezi wa Machi 2023 ilitangazwa kwamba watoto 7 walipooza kwa virusi vilivyotokana na chanjo hiyo mpya: watoto 6 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, upande wa mashariki katika majimbo ya Tanganyika na Kivu ya Kusini, na mtoto 1 nchini Burundi. Virusi hivyo vilikuwa vimebadilishana vipande na virusi jamaa vinavyoishi matumboni mwa watu, vikaondoa sehemu zilizosukwa upya. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu ileile ya zamani: huko watoto wengi hawakuwa wamefikiwa na chanjo, na kirusi kilipata muda wa kutembea. Mwaka huohuo kirusi cha aina ya pili kilichotokana na chanjo kilipatikana pia mkoani Rukwa, Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ziwa halikizuii kirusi, kwa kuwa abiria na wavuvi huvuka kila siku.

Na wala tusidhani kwamba tukiacha matone tutakuwa salama. Mwezi wa Februari 2022 Malawi ilitangaza mtoto aliyepooza kwa polio ya asili ya aina ya kwanza, na mwaka huohuo Msumbiji ikapata wagonjwa, ingawa Afrika ilikuwa imetangazwa mwaka 2020 kuwa haina tena polio ya asili. Kirusi cha Malawi kilifanana na vile vya Pakistan. Kilisafiri mbali, kikakuta watoto wasio na kinga.

Si polio peke yake

Kabla ya kumaliza, yafaa mjue kwamba polio sicho kirusi pekee kinachofanya kazi kwa mikunjo. Kirusi cha Zika, kilichogunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, kina karibu na mwisho wa uzi wake fundo lenye umbo la pete. Seli ina kimeng'enya kinachotafuna uzi wa RNA kutoka ncha ya mbele. Kikifika kwenye fundo hilo hukwama, na kipande kilichosalia hukisaidia kirusi kupambana na ulinzi wa mwili. Virusi vya korona navyo vina fundo linaloifanya ribosomu irudi nyuma herufi moja, na kwa hiyo isome maagizo mapya ambayo isingeyaona. Hata katika shamba la muhogo, virusi vinavyoleta batobato vina DNA ya uzi mmoja wa mviringo, na juu ya pete hiyo pana shina na kitanzi. Hapo ndipo uzi hukatwa ili kuanza kunakiliwa.

Wataalamu wanaifuata mikunjo hiyo kwa hamu, kwa sababu umbo ambalo kirusi hakiwezi kuishi bila hilo ni mahali pazuri pa kukishambulia. Mfano wa polio umeonyesha kwamba jambo hilo lawezekana.

Nasi tufanye nini?

Tusingoje mkunjo mwingine ulio bora zaidi. Kazi ya kumzuia kirusi asiukaze mkunjo wake haifanywi na wataalamu peke yao. Kila mtoto aliyechanjwa ni mlango uliofungwa mbele ya kirusi. Kwa hiyo, kwanza, mtoto amalize dozi zote za ratiba, za matone na ya sindano. Chanjo ya sindano ina virusi vilivyouawa, navyo haviwezi kurudia ukali; huzuia kupooza vizuri, lakini haiwezi kama matone kukizuia kirusi kukaa tumboni na kupita kwa wengine. Ndiyo maana hutumiwa zote mbili.

Pili, wachanjaji wanapopita nyumba kwa nyumba, mtoto apewe matone hata kama alipewa mwezi uliopita. Dozi ya ziada haina madhara, na dozi za kwanza hazimshiki kila mtoto. Tatu, vyoo vitumike na mikono ioshwe, maana njia ya kirusi ni kutoka kinyesini hadi kinywani. Nne, mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kinyesi chake kitapimwa, herufi za uzi zitasomwa, na itajulikana kama kirusi kipo na kimetoka wapi.

Na mzazi mwenzako akikuuliza lile swali la mwanzo, usimfiche wala usimdhihaki. Mweleze kama tulivyoeleza hapa. Ikiwezekana mwandikie zile herufi 14, aone mwenyewe jinsi shina linavyolegea na jinsi linavyokaza.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika mstari wetu wa herufi 14, badilini herufi ya tano iwe U. Je, shina limekaza au limelegea? Elezeni sababu.

2. Kwa nini kirusi cha chanjo huweza kurudia ukali katika kijiji chenye watoto wachache waliochanjwa, na si katika kijiji ambacho karibu wote wamechanjwa?

3. Ni kaya zipi katika mtaa au kijiji chenu ambazo wachanjaji hawazifikii kwa urahisi? Wavuvi, wafugaji wanaohama, wafanyakazi wa mashamba? Kikundi chenu chaweza kufanya nini ili watoto hao wasikoseke?

Viongozi wa vikundi, andikeni majibu ya swali la tatu na kumpelekea mhudumu wa afya wa eneo lenu, maana yeye ndiye atakayeyatumia.